Hoteli ikipanda au ikishuka, ni kwa kiasi gani wakuu wake wanahusika?

Mezani (mleta mada)
Habari zenu, wanajukwaa. Nina dai ambalo ningependa lipingwe kwa hoja. Tukichukua hoteli mbili zenye vyumba sawa kwa idadi, daraja moja la nyota na soko moja, tofauti ya matokeo yao kwa sehemu kubwa hutokana na watu saba: meneja mkuu, mkuu wa vyumba, mpishi mkuu, mkuu wa mauzo, mhasibu mkuu, mkuu wa ufundi na mkuu wa rasilimali watu. Hao ndio wanaopanga bei, wanaoajiri, na wanaoamua kipi kitengenezwe mwaka huu na kipi kisubiri. Mhudumu wa vyumba hajipangii idadi ya vyumba atakavyosafisha katika zamu moja. Anapangiwa, na idadi hiyo ndiyo inayoamua kama atapata nafasi ya kufuta vumbi nyuma ya televisheni. Kwa hiyo malalamiko ya mgeni kuhusu vumbi, kwa maoni yangu, yanapaswa kuanza kujibiwa kwenye ofisi ya mkuu wa vyumba kabla ya kumfikia mhudumu. Karibuni.

HesabuSafi
Kabla ya kugawana sifa na lawama, tukubaliane kwanza tunapima nini. Wengi husema hoteli "inafanya vizuri" kwa kuwa imejaa. Hoteli ya vyumba 100 inayouza vyumba 70 kwa bei ya wastani ya 80 hupata mapato ya 56 kwa kila chumba kilichopo. Jirani yake anayeuza vyumba 90 kwa wastani wa 60 hupata 54, ingawa ukumbi wake wa mapokezi una pilikapilika zaidi na anafua shuka za vyumba 20 vya ziada. Mkuu wa mauzo wa hoteli ya pili atapongezwa katika mkutano wa asubuhi, huku mkuu wa vyumba akitakiwa aeleze kwa nini sabuni na saa za ziada zimepanda. Wote wawili ni wakuu, na kila mmoja anatimiza kipimo chake mwenyewe kwa kumharibia mwenzake.

MpishiJikoni
Mfano wa HesabuSafi umeishia chumbani, ndiyo maana hoteli ya pili imeonekana mbaya. Wageni wa vyumba vile 20 hula kifungua kinywa, hunywa, hufulisha nguo na pengine hukodi ukumbi. Kipimo cha mapato ya chumba hakiyaoni hayo hata kidogo.

HesabuSafi
Ni kweli hakiyaoni, na ndiyo sababu wenye kazi yao hushuka hadi kwenye faida ya uendeshaji kwa kila chumba, ambayo huchukua mapato yote na kutoa gharama za idara zote. Lakini, Mpishi, usisahau kwamba faida ya jikoni kwa kila shilingi, dola au pauni inayoingia ni ndogo sana kuliko ya chumba. Chumba kikiuzwa, kilichobaki ni kusafisha, kufua na kamisheni ya wakala wa mtandaoni. Sahani ikiuzwa, umeshanunua nyama.

MpishiJikoni
Na ndiyo maana wahasibu hawaalikwi jikoni.

ZamuYaUsiku
Mleta mada, orodha yako ina watu ambao saa nne usiku wote wako nyumbani. Mgeni anayefika usiku wa manane na kukuta hoteli imeuza vyumba kupita idadi yake hakutani na hata mmoja kati ya hao saba. Anakutana nami.

Uuzaji wa kupita idadi si uzembe, ni hesabu: kuna wageni wanaoahidi na hawatokei, kwa hiyo wakuu huuza vyumba vichache vya ziada wakitarajia pengo hilo lijazike. Siku hesabu ikikataa, mtu mmoja au wawili lazima wapelekwe hoteli nyingine. Mahali nilipofanya kazi, meneja mkuu alituachia sisi wa usiku mamlaka ya kulipia teksi na usiku wa kwanza kwenye hoteli ya jirani bila kumpigia mtu simu, na wageni wengi tuliowahamisha walirudi kwetu asubuhi bila ugomvi. Aliyemfuata akataka kila malipo ya namna hiyo yapate saini yake kwanza. Mapokezi yalikuwa yaleyale na watumishi walewale, ila sasa mgeni alikuwa anasubiri kwenye kochi na sanduku lake huku mimi nikipiga simu isiyopokelewa, na maoni yaliyokuwa yakiandikwa mtandaoni wiki zilizofuata yalilitaja kochi lile zaidi ya yalivyotaja vitanda.

Mezani (mleta mada)
Ahsante, ZamuYaUsiku, lakini umenitetea mimi. Kilichobadilika katika kisa chako ni mkuu mmoja tu.

ZamuYaUsiku
Kilichobadilika ni mamlaka yaliyokuwa mikononi mwetu. Mkuu wa kwanza alifanikiwa kwa kutokuwepo.

Mwanatakwimu
Naomba niwavurugie kidogo. Nadharia inayosema kwamba taasisi hufanana na watu walio kileleni mwake, kwa maana ya uzoefu wao, elimu yao na namna wanavyoitazama dunia, iliwekwa wazi na watafiti Hambrick na Mason mwaka 1984, na tangu hapo imetumiwa kwa biashara za kila aina. Shida ni kuithibitisha hotelini. Kampuni zenye hoteli nyingi haziwapangi mameneja kwa bahati nasibu. Aliyefanikiwa hupelekwa kwenye hoteli kubwa iliyo mahali pazuri, kisha tunaitazama hoteli ile na kusema "unaona, meneja mzuri". Wakati mwingine hufanyika kinyume: mtu hodari hupelekwa kwenye hoteli inayozama ili aiokoe, nayo inaendelea kuzama polepole, na takwimu zinamhesabia kushindwa.

Kuna mtego mwingine. Meneja huondolewa baada ya mwaka mbaya mno. Mwaka unaofuata mwaka mbaya mno huwa una nafuu hata asipobadilishwa mtu yeyote, kwa sababu mambo yaliyokutana kwa bahati mbaya ni nadra kukutana tena mara moja. Meneja mpya huikuta nafuu hiyo ikimsubiri mlangoni.

MwenyeJengo
Wote mmemsahau mwenye mali. Hoteli nyingi kubwa zina jina la kampuni moja ukutani ilhali jengo ni la mtu mwingine, na kampuni ile inaliendesha kwa mkataba. Ada ya msingi kwa kawaida huwa kati ya asilimia 2 na 4 ya mapato yote, kisha kuna ada ya motisha inayotokana na faida ya uendeshaji. Tazameni neno "mapato" hapo. Meneja mkuu anayeteuliwa na kampuni ya uendeshaji ana sababu ya kupenda mapato yakue hata pale ambapo ukuaji huo unaniachia mimi kidogo sana, kwa kuwa faida ya uendeshaji huhesabiwa kabla ya riba ya mkopo wangu, bima yangu na kodi ya jengo. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo timu nzima ya wakuu ilipigiwa makofi kwa mwaka bora, na mimi nikatoka pale kwenda kuomba benki inisogezee tarehe.

Kwa hiyo swali la mleta mada lina pengo. Anauliza kama wakuu wanaleta matokeo. Mimi ningeuliza ni matokeo ya nani.

FundiMtambo
MwenyeJengo amegusa mahali ninapopajua. Mikataba mingi hutenga akiba ya kubadilisha samani na mitambo, na kiwango kinachozoeleka ni kama asilimia 4 ya mapato. Akiba hiyo haigusi matengenezo ya kila siku, ambayo hukaa kwenye gharama za uendeshaji na ndiyo meneja mwenye haraka hukimbilia kuyakata. Ukiacha kusafisha mabomba ya mtambo wa maji moto, ukaahirisha kubadilisha vichujio vya viyoyozi, ukapunguza fundi mmoja wa zamu, hakuna mgeni atakayehisi kitu kwa miezi kadhaa. Faida inapanda, bonasi inalipwa, meneja anapandishwa cheo na kuhamishwa. Kisha mtambo unakufa wakati hoteli imejaa.

Nimeshuhudia meneja mpya akibebeshwa hasara ya mtambo ambao mtangulizi wake ndiye aliyeuua. Ripoti ya mwezi ilisema gharama za matengenezo "zimepanda kupita bajeti", na jina lililokuwa chini ya ripoti lilikuwa la mtu aliyekuwa hajamaliza hata kuzizoea korido. Mkitaka kujua mchango wa mkuu, msiutafute katika mwaka wake. Utafuteni katika mwaka wa mrithi wake.

Mwanatakwimu
FundiMtambo amesema kwa sentensi mbili kitu ambacho mimi nilikuwa nikikizunguka.

Saluni_Namba9
Mimi naona tunazungusha maneno bure. Historia inatoa jibu. César Ritz ndiye aliyeifungua Savoy ya London, akaleta Escoffier jikoni, na hoteli ikawa gumzo la dunia. Mtu mmoja na mpishi wake. Mnahitaji ushahidi gani tena?

KitabuCheusi
Sahihisho, ndugu Saluni. Savoy ilifunguliwa mwaka 1889 na Richard D'Oyly Carte, mwenye tamthilia, akiwa tayari ameweka umeme na lifti. Ritz aliitwa baada ya kufunguliwa, pale mwenye mali alipoona kwamba jengo zuri peke yake halijazi meza. Mpaka hapo hadithi inawapa nguvu wanaosema wakuu ndio kila kitu. Ila isomeni hadi mwisho: mwaka 1898 wakurugenzi waliwafukuza Ritz na Escoffier pamoja, kwa tuhuma zilizohusu mvinyo ambao haukujulikana ulikokwenda na fadhila walizokuwa wakipokea kutoka kwa wauzaji wa vyakula. Mwaka huohuo hoteli ya Ritz ilifunguliwa Paris. Savoy nayo haikufa. Ipo mpaka leo. Kwa hiyo mfano mmoja unatuambia kwamba wakuu huinua hoteli, huweza pia kuifyonza, na kwamba hoteli huweza kuishi bila wao.

Saluni_Namba9
Kuishi na kung'ara ni mambo mawili.

MpishiJikoni
Kwa niaba ya wapishi wote, sipendi jinsi neno "fadhila" lilivyowekwa karibu na jina la Escoffier. Hata hivyo ni kweli kwamba mpishi mkuu anayechagua muuzaji na kupokea mzigo mwenyewe ana nafasi ya kuiharibu hoteli bila mgeni kulalamika hata siku moja. Ndiyo maana hoteli makini humtenga anayeagiza na anayepokea, na mhasibu hushuka mara kwa mara kupima uzito wa nyama bila taarifa. Hapo HesabuSafi anaruhusiwa jikoni.

ShukaJeupe
Wakubwa zangu, shikamooni. Nimesoma tangu juu na naona mmezungumzia watu wa vyeo tu. Kuna aina nyingine ya ukubwa hotelini ambayo haimo kwenye orodha ya mleta mada: msimamizi wa ghorofa aliyekaa muda mrefu, mpokezi ambaye amewaona mameneja wakija na kuondoka. Hawa wanajua chumba kipi bomba lake hulia usiku, mgeni yupi wa kampuni hataki chumba karibu na lifti, na kitasa gani cha mlango hufunguka kwa kuvutwa juu kidogo. Hayo hayamo kwenye programu yoyote ya kompyuta. Hoteli ninayofanya kazi ilipata mkuu mpya wa vyumba mwenye vyeti vizuri, na kwa msimu mzima aliyemwezesha kusimama alikuwa msimamizi mmoja wa kufulia ambaye cheo chake hakipo hata kwenye chati ukutani.

Wakati wa janga la mwaka 2020, hoteli nyingi duniani zilipunguza watu, na katika sehemu kadhaa wa kwanza kuondoka walikuwa hawa waliokaa muda mrefu, kwa kuwa mshahara wao ulikuwa umeshakua. Milango ilipofunguliwa tena, mameneja walikuwepo na mwongozo wa kazi ulikuwepo, lakini kazi ilikwenda kwa kukwama.

Mezani (mleta mada)
Marahaba, ShukaJeupe. Lakini nani aliamua kuwaondoa?

MwenyeJengo
Nami nina jibu kwa ShukaJeupe ambalo halitampendeza. Waliokaa muda mrefu wanayo kumbukumbu, ni sawa, ila wanayo pia mazoea. Meneja anapoleta mfumo mpya wa kuingiza wageni, wanaoukwamisha si vijana. Ni wale wanaosema "sisi hapa hatufanyi hivyo", na kwa kuwa wanaheshimiwa, idara nzima huwafuata. Nimeona zamu ikigawanywa kwa urafiki, wageni wenye bakshishi wakielekezwa kwa mtu yuleyule, na mkuu wa idara akiogopa kugusa kwa sababu wote wamemzidi umri wa kazi. Ukubwa wa namna hiyo nao una gharama yake, tatizo ni kwamba haiandikwi mahali.

ZamuYaUsiku
Gharama ya kuondokewa nao pia haiandikwi. Zote mbili ziandikwe.

FunguoMbili
Ninaleta mfano ambao huenda ukazikutanisha pande mbili, au ukazidi kuzitenganisha. Ritz-Carlton, kampuni ya hoteli za kifahari, ilijulikana kwa utaratibu wa kuwaruhusu wakuu wake wa idara kutumia hadi dola 2,000 kumtatulia mgeni mmoja tatizo bila kuomba ruhusa, na ikashinda tuzo ya taifa ya ubora ya Marekani, ile ya Malcolm Baldrige, mara mbili: 1992 na 1999.

KitabuCheusi
Miaka ni sahihi. Ila ruhusa ile haikuwa ya wakuu wa idara pekee. Ilikuwa ya kila mfanyakazi, akiwemo anayebeba mizigo. Na hiyo ndiyo inayoufanya mfano wako uwe na uzito kuliko ulivyouweka. Wakuu wa kampuni ile, Horst Schulze akiwa mmoja wao, walitoa mamlaka yao kwa makusudi. Kisa cha teksi cha ZamuYaUsiku ni kitu kilekile kwa kiwango kidogo.

HesabuSafi
Wasomaji wasidhani kwamba kila mbeba mizigo alikuwa akitumia dola 2,000. Kiwango kile kilikuwa dari. Matatizo mengi ya mgeni humalizwa na chumba kingine, sahani ya matunda na mtu anayesikiliza mpaka mwisho. Pia utaratibu kama huo unafaa pale ambapo mgeni mmoja aliyeridhika anaweza kurudi mara nyingi kwa bei kubwa. Hoteli ya barabarani ambayo mgeni hulala usiku mmoja na hatarudi tena haiwezi kuuiga kwa dari ileile.

Mauzo_Kwanza
Mimi nipo kwenye mauzo, na nadhani uzi huu unazungumza kuhusu hoteli za zamani. Katika hoteli za makundi makubwa, bei ya chumba haipangwi tena na mkuu aliye pale. Inapangwa na ofisi ya kanda inayoangalia hoteli nyingi kwa pamoja, ikisaidiwa na programu inayosoma mahitaji, bei za washindani na kasi ya watu wanavyoweka nafasi. Meneja mkuu anaamka na kukuta bei imeshabadilika. Mapato kwa kila chumba, kipimo ambacho HesabuSafi alianza nacho, kwa kiasi kikubwa yamehama kutoka mikononi mwa wale saba. Kilichobaki kwao ni gharama, watu na usafi. Sasa tukiendelea kuwapa bonasi kwa kipimo cha mapato, tunawalipa kwa kazi ya mtu ambaye hawajawahi kumwona.

Saluni_Namba9
Basi na programu ipewe chumba na kifungua kinywa.

FunguoMbili
Mauzo_Kwanza, hapo umeruka jambo. Programu huuza kwa bei ambayo maoni ya wageni yanairuhusu. Hoteli ikishuka alama kwenye tovuti za kuweka nafasi, washindani wenye alama za juu wanauza ghali zaidi na programu yako inalazimika kushuka. Alama hizo hutoka kwenye vumbi la mleta mada, kochi la ZamuYaUsiku na mtambo wa FundiMtambo. Mkono wa wakuu wa hotelini bado umo ndani ya bei, ila unafika kwa kuchelewa.

Mwanatakwimu
Neno "kuchelewa" ndilo linalonisumbua katika hoja zote. Fundi anasema tuangalie mwaka wa mrithi, FunguoMbili anasema bei huja baadaye, ShukaJeupe anasema pengo la waliofukuzwa lilionekana milango ilipofunguliwa. Ilhali mameneja wengi wa makundi makubwa huhamishwa kila baada ya miaka michache. Tunapima kwa mwezi watu ambao kazi yao huonekana baada ya wao kuondoka.

Mezani (mleta mada)
Basi nibadilishe pendekezo. Sehemu ya bonasi ya meneja mkuu na mkuu wa ufundi izuiwe, ilipwe baada ya mrithi kukaa mwaka mzima na mitambo kukaguliwa na mtu wa nje. Mnasemaje?

FundiMtambo
Naunga mkono, mradi mkaguzi asichaguliwe na anayekaguliwa. Na aanzie chini kwenye mitambo, asianzie kwenye chumba cha kifahari ambacho kila mgeni rasmi huonyeshwa.

HesabuSafi
Nami naunga mkono kwa nusu. Mrithi akiwa mbovu, mtangulizi analipia ubovu ambao si wake. Na mrithi mjanja atajaza gharama zote mbaya katika mwaka wake wa kwanza ili wa pili uonekane wa ajabu. Hilo tayari linafanyika hata bila bonasi yako.

MwenyeJengo
Nililijaribu jambo linalofanana na hilo katika mazungumzo ya mkataba. Kampuni ya uendeshaji ilikubali kwa mdomo, kisha ikaniletea majina ya mameneja ambao walikuwa tayari kufanya kazi chini ya sharti lile. Nilisoma wasifu wao wote. Mmoja alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na wengine hawakuwa wakitakiwa na hoteli nyingine yoyote ya kundi lile.